Mama Labo na Taa Aliyoingoja

Kwanza nizungumzie vidole vyake, maana ndivyo vilivyotangulia kuonekana kila alipoingia mahali. Ncha zake zilikuwa za zambarau mwaka mzima. Ile dawa ya rangi wanayopaka vioo vya maabara ili vijidudu vionekane ilikuwa imemwingia mpaka kwenye kucha, na hakuna sabuni iliyoweza kuitoa. Siku za arusi, wanawake wa mtaa wetu wa Kasuku walipokaa kupakana hina, naye alinyoosha mikono kama wengine. Hina ikakaa juu ya zambarau, na wenzake wakamuuliza kama amekuja arusini au bado yuko kazini. Alicheka pamoja nao. Hakuwa mtu wa kuficha mikono yake.

Sote tulimwita Mama Labo, yaani mama wa maabara. Alikuwa na jina, bila shaka, na baba, na ukoo unaosema mababu zake walifika na misafara ya kutoka pwani, kama wanavyosema Waislamu wengi wa mji wetu wa Kindu. Hayo watayaeleza wenye ukoo wao. Mimi nilikuwa jirani tu, ukuta kwa ukuta, na baadaye mwanafunzi wa bio-chimie, mchepuo wa sayansi wa sekondari, aliyepelekwa kwake kujifunza kazi. Ninayoyajua ni yale niliyoyaona kwenye baraza ya hospitali na jikoni kwake.

Alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa vitu visivyoonekana. Mama akileta choo cha mtoto ndani ya kopo chafu, alipata maneno ambayo angeyakumbuka mpaka nyumbani. Lakini Mama Labo akishainamia hadubini, sauti ilibadilika kabisa. Alikuwa akivibembeleza vijidudu vya malaria kama anayemwita mtoto mwenye haya ili aje kusalimia wageni: toka basi, mupenzi, usijifiche. Akikiona alichokitafuta alinyamaza, akainua kichwa, akaita mgonjwa. Hakumpa mtu jibu lake kupitia mtu mwingine, hata kama mgonjwa mwenyewe alikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Alisema damu ni ya mwenyewe, na habari zake pia ni za mwenyewe.

Miaka ya vita umeme ulikwisha, na mafuta ya jenereta yakawa ya wenye bunduki. Hadubini yake ilikuwa ya zamani, yenye kioo kidogo chini cha kukamata mwanga, na uzee huo ndio uliomwokoa. Aliitoa nje, akaiweka kwenye meza ya barazani, akafanya kazi kwa jua. Jua likisogea, meza nayo ilisogea. Asubuhi ungemkuta karibu na mlango wa kuingilia, na alasiri amefika upande wa jiko la wagonjwa, watu wote wa foleni wakimfuata na viti vyao. Mawingu yakifunga, kazi ilisimama. Kuna kamanda aliyetuma askari kuuliza kwa nini jibu la makohozi yake linachelewa. Mama Labo alimwambia askari arudi kwa mkubwa wake, amwombe awatume vijana waende kuondoa lile wingu. Sote pale barazani tulitazama chini. Baadaye jua lilitoka, kamanda akapata jibu lake, na jambo likaishia hapo.

Kuhusu lotoko, nitasema ukweli wote, maana watu walimsengenya sana. Mwanamke wa hijabu, asiyekosa sala, alionekana mtaa wa Mikelenge, mlangoni kwa wapishi wa pombe ile kali, akinusa chupa moja baada ya nyingine. Halafu aliomba kiberiti. Alimwaga kidogo kwenye kifuniko, akawasha, na kama moto haukushika vizuri alirudisha chupa na kumwambia mpishi kwamba anauza maji. Alkoholi ya maabara ilikuwa imekwisha, ndege hazikuleta nyingine, na bila alkoholi huwezi kuosha rangi kwenye kioo cha mgonjwa wa kifua kikuu. Habari zilifika msikitini kabla yeye hajafika nyumbani. Sheikh alipomwita, alikwenda na chupa yenyewe kwenye kikapu.

“Sheikh, mimi sikunywaka,” alimwambia. “Kioo njo kinakunywaka.”

Sheikh alimwomba tu awe anatuma mtu mwingine. Akajibu kwamba mtu mwingine ataionja njiani, na kwa kuwa wote wawili walijua watu wa Kindu, sheikh alimwacha aende mwenyewe.

Waporaji nao walikuja, kama walivyokwenda kila mahali. Safari hiyo walibeba magodoro, wakabeba friji isiyokuwa na umeme, wakabeba hata mlango wa chumba cha uzazi. Hadubini hawakuipata. Alikuwa ameifunga kwa plastiki akaiweka chini kabisa kwenye ndoo, na juu yake akapanga makopo ya choo ya wagonjwa wa siku ile. Mmoja wao alifungua kopo la juu. Mama Labo alipenda kutuigizia uso wa yule kijana, na kila mwaka uso ule ulizidi kuwa mbaya.

Basi mtu wa namna hii utadhani haogopi kitu. Alikuwa anaogopa sindano. Mwanamke aliyetoboa vidole vya Kindu nzima hakukubali hata siku moja kutobolewa chake. Homa ikimshika alijipima kwa ulimi, akisema mdomo umekuwa mchungu, kisha akachemsha majani ya kongobololo na kuyanywa huku amekunja uso. Wauguzi walipokuja na chanjo ya wafanyakazi, aliingia kusali, akaongeza sunna juu ya sunna mpaka wakachoka wakaondoka. Tulimtania sana kwa hilo. Natamani tungemuuliza pia, kwa upole, anaogopa nini hasa.

Kilichomuuma zaidi ya vita vyenyewe kilikuwa kabati. Daktari wa upasuaji alipokata uvimbe, kwenye titi au shingo, kipande kilitiwa ndani ya chupa ndogo yenye dawa ya kukihifadhi, na chupa ikawekwa kwenye kabati la Mama Labo kungoja ndege. Kindu haikuwa na mtu wa kusoma vipande vya namna ile. Vilipaswa kwenda mbali. Ndege ilikuja, au haikuja, au ilikuja ikajaa mizigo ya wakubwa. Chupa zilibaki. Kila asubuhi alizifuta vumbi moja moja, akizitaja kwa majina ya wenyewe, kama anayeamsha watoto waende shule. Halafu jamaa alifika kusema kwamba mwenye chupa amefariki, na yeye akabaki na kipande cha mtu mkononi, bila jibu, na bila mtu wa kumpa jibu.

Niliwahi kumkuta amekaa mbele ya kabati hilo analia. Hakufuta machozi aliponiona. Alisema kuwa kuona kijidudu cha malaria hakumpi raha tena, kwa sababu malaria ilishajulikana kabla yeye hajazaliwa. Anachotaka ni mtu atafute namna ya kuiona kansere hapahapa Kindu, siku ileile, mwenye titi akiwa bado amekaa kwenye benchi. Alisema hivyo akinitazama mimi. Nilikuwa msichana wa shule mwenye njaa, kwa maana mji ulikuwa umezingirwa na wenye bunduki, mashamba ya mpunga hayafikiki, na nilikuwa nawaza kula. Lakini neno lile liliniingia na halikutoka.

Ni yeye aliyenionyesha kwamba kuna vitu vinavyoweza kupokea mwanga usioonekana na kutoa unaoonekana. Alisaga kidonge cha kinini, akakichanganya na maji ya ndimu yaliyochujwa ndani ya chupa, akaishika juani mbele ya kitambaa cheusi. Pembeni mwa chupa kulitokea ubuluu mwepesi sana, ambao haukuwamo kwenye kidonge wala kwenye ndimu. Akaniambia dawa imekula jua na sasa inarudisha chenji. Hakujua maelezo ya ndani ya jambo hilo na hakujifanya anayajua. Alisema alionyeshwa na mwalimu wake, na mimi niende nikatafute maelezo.

Nikaenda. Vita vilipotulia nilisoma Kisangani, kisha Kinshasa, na huko ndiko ninakofanya kazi hadi leo. Kazi yangu ukiieleza kwa watu wa nyumbani wanacheka. Tunachukua asidi ya ndimu, tunaipika kwa moto mkali pamoja na vitu vingine mpaka inageuka kuwa punje za kaboni, ndogo mno kiasi kwamba hata hadubini ya Mama Labo haiwezi kuziona. Punje hizo zikimulikwa kwa taa ya urujuanimno, ule mwanga ambao jicho halioni, zinang'aa buluu au kijani. Juu yake tunagandisha foliki, ile vitamini wanayopewa wajawazito. Seli nyingi za saratani zina uroho wa foliki kuliko seli za kawaida. Zinaimeza, zinameza na punje, na chini ya taa zinang'aa wakati jirani zake zimebaki gizani.

Miaka michache iliyopita nilirudi Kindu likizo na kichupa cha punje zangu, pamoja na taa ndogo kama ile wanayotumia wabadilishaji wa dola sokoni kutambua noti za bandia. Mama Labo alikuwa ameshastaafu, lakini vioo vyake vya maabara alikuwa navyo nyumbani, kwa heshima. Alivisugua vizuri kwa ajili yangu. Nikaweka tone kwenye kioo kimoja, nikafunga dirisha, nikawasha taa. Kioo chenye tone kiling'aa. Visivyokuwa na kitu navyo viling'aa. Meza iling'aa mahali alipoipangusa, kitambaa chake cha kichwani kikang'aa kama mwezi, na shati la mjukuu aliyechungulia mlangoni likang'aa bila mjukuu.

Nilianza kuona aibu, nikidhani nimemwaga kichupa. Kumbe ni sabuni ya unga. Wanaoitengeneza wanatia humo kitu cha kupokea mwanga huohuo ili nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi, na yeye kwa kutaka kunisaidia alikuwa ameosha kila kitu kwa sabuni hiyo. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Kisha alichukua taa akazunguka nayo nyumba nzima, akimulika shuka, mapazia, meno yake kwenye kioo, akiita kila kilichong'aa kansere.

Tulipotulia aliniuliza maswali mazuri. Alitaka kujua seli inakubalije kumeza kitu kigeni. Nilipomwambia habari za foliki alitikisa kichwa kwa kuridhika. “Aah. Munaitega na chakula,” alisema. Nikamwambia ndiyo, na kwamba kwetu Kinshasa tumeshaona seli za saratani ya titi zikiwaka namna hiyo ndani ya visahani vyetu vya kufugia seli. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili. Sijui kama nimewahi kupendwa kuliko saa ile.

Tangu hapo alikuwa akinipigia simu. Hakuuliza habari za mume wala za mvua kama watu wazima wengine. Aliuliza taa imefika wapi. Nilimweleza tulipofika: punje zimekuwa na rangi nzuri zaidi, punje zimekataa kushika foliki, wenzangu wanajaribu kwa panya. Alisikiliza, akaniombea dua, akakata. Nilimwona kama mama anayefuatilia mitihani ya mwanawe. Mwaka huu sauti yake ilikuwa imepungua kidogo, na mara ya mwisho hakuuliza. Alisema tu nije, na nije na taa.

Nilifika asubuhi. Alinipokea vizuri, akanilisha wali na samaki, akangoja nimalize kunawa. Kisha aliniingiza chumbani kwake, akafunga mlango na dirisha, akakaa kitandani na kufungua kitenge.

“Washa,” alisema.

Sikuhitaji taa. Titi la kushoto lilikuwa limevutika kwa ndani, na nilipogusa nilikuta uvimbe mgumu usiosogea. Mimi si daktari, lakini nimekaa na picha za ugonjwa huo maisha yangu yote ya kazi. Nilimuuliza ni tangu lini.

“Tangu ile mara ulikuja na taa. Ilikuwa kadogo, kama mbegu ya muhindi. Nikasema, mutoto wangu iko anatengeneza kitu. Nitangoja ile yake.”

Nilikaa sakafuni mbele yake. Alikuwa ananitazama kwa furaha, akingoja. Na hapo nilielewa kwamba hakuna mwingine katika dunia hii atakayemwambia isipokuwa mimi.

“Mama Labo, taa haiko tayari. Inafanya kazi kwa seli za ndani ya kisahani. Kwa mwili wa muntu, bado. Hatujaruhusiwa hata kujaribu.”

“Mwaka kesho?”

“Hata mwaka kesho. Na siku itakapokuwa tayari, itaonyesha tu. Kuponya haitaponya. Kisu ya daktari itabaki palepale.”

Nililia. Nilimwambia ningependa kuipasua taa ile ukutani. Nilimwambia twende Kinshasa wiki hii, atakaa kwangu, yupo daktari ninayemwamini, watakata, watasoma kipande kwa njia ya zamani, ya rangi na kioo, kama alivyofanya yeye maisha yake yote, na pengine bado hatujachelewa. Pengine, nilisema, kwa sababu sikuweza kumdanganya. Alinisikiliza akiwa amenishika kichwa. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na ile hali ya kazini, pale kioo kinapotoka vibaya naye anataka kujua kimeharibikia wapi.

“Dawa ya kulala watanipa kwa sindano?” aliuliza.

Nikasema ndiyo. Alifunga kitenge, akakaza fundo, akatafuta viatu vyake chini ya kitanda.

“Twende Alunguli kwanza,” alisema. “Kule kuko mama mumoja. Alinileteaka titi yake niangalie, nikamwambia angoje taa yako.”

Alunguli ni ng'ambo ya mto. Tulivuka kwa mtumbwi pamoja na wauza mkaa na mbuzi mmoja. Nilimshika Mama Labo mkono, naye akauacha ushikwe. Nilikuwa nampenda na nilikuwa namwogopea, na sikujua anakwenda kusema nini. Mtu aliyekuwa akiaminiwa na mji mzima kwa sababu hakuwahi kutoa jibu ambalo hakuliona kwa jicho lake, alikuwa ametoa moja.

Yule mama tulimkuta uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuwa bado kijana, mwenye khanga iliyofungwa juu ya kifua kwa kukazwa sana. Alifurahi kumwona Mama Labo, akaniona na mimi na mfuko wangu, na uso wake ukafunguka. Bila shaka alidhani nimeileta. Alitaka kutuwekea viti. Mama Labo alikataa kukaa. Aliuliza habari za watoto, akajibiwa, kisha akasema.

“Taa haiko. Nilikuambia ungoje, nilikosa. Iliyoko ni kisu. Tunaenda wote Kinshasa.”

Yule mama alirudi kwenye kinu, akatwanga mara mbili tatu bila kututazama. Halafu aliuliza, kwa sauti ya chini, kama Mama Labo anajua kisu inaumaka namna gani, au anasema tu kwa sababu si yeye atakayekatwa.

Mama Labo alimtoa mchi mkononi, akauegemeza ukutani. Akauchukua mkono wake, ukiwa bado kijani kwa majani ya sombe, akauingiza chini ya kitenge chake mwenyewe, akaubana pale. Nilimwona yule mama akitaka kuutoa mkono, kisha akiacha. Vidole vyake vilitafuta kidogo, vikapata, vikatulia.

“Na wewe?” aliuliza.

“Na mimi. Nilikuwa nangoja pamoja na wewe.”

Walisimama hivyo, wamekaribiana, hakuna aliyelia. Kisha yule mama alitoa mkono wake taratibu, akaupangusa kwenye khanga, akamwita binti yake aje amalizie kutwanga.